Dalali anataka tuseme ni mke na mume: nipange nyumba moja na rafiki yangu wa kiume?

SWALI: Shikamoo Wakili. Nina miaka 28, nafanya kazi maabara katika hospitali moja hapa Mwanza. Nimepata nyumba Buhongwa: vyumba viwili vya kulala, sebule, jiko na choo cha ndani. Kodi ni shilingi 240,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mkupuo. Peke yangu siiwezi. Rafiki yangu wa kiume niliyesoma naye chuo, ambaye sasa yuko kiwanda cha samaki na anaingia kwa shifti, yuko tayari tuchangie nusu kwa nusu. Kati yetu hakuna mapenzi na hayajawahi kuwepo. Mama yangu yuko Sengerema. Nilipomdokeza alisema petroli na kiberiti haviwekwi chumba kimoja. Mchumba wangu anafanya kazi Bukoba, bado sijamwambia. Dalali ametushauri tumwambie mwenye nyumba kwamba sisi ni mke na mume ili asisumbue. Je, sheria inaturuhusu? Na tukiingia, tuishije?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Swali lako la kwanza lina jibu fupi. Hapa Tanzania Bara hakuna sheria inayowakataza mwanamume na mwanamke wazima, wasio ndugu wala wanandoa, kupanga nyumba moja. Polisi hana cha kuwakamatia, mwenyekiti wa mtaa hana mamlaka ya kuwatenganisha, na mwenye nyumba akikubali kuwapangisha, amekubali. Katika barua yako yote, neno lililonishtua si la mama wala si la mchumba. Ni la dalali. Ukilifuata hilo, utakuwa umeifunga kesi yako mwenyewe kabla hujahamisha hata godoro.

Nieleze kwa nini. Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinasema kwamba ikithibitika mwanamume na mwanamke wameishi pamoja kwa miaka miwili au zaidi, katika mazingira yaliyowafanya watambulike kuwa mume na mke, basi itachukuliwa kwamba walioana kihalali, mpaka ushahidi uonyeshe vinginevyo. Hiyo ndiyo tunayoiita dhana ya ndoa. Mtaani kifungu hiki kimeenea nusu nusu. Wapo wanaoamini kwamba ukilala nyumba moja na mwanamke miezi sita ameshakuwa mkeo. Wapo wanaojua habari ya miaka miwili, wakadhani kalenda peke yake inatosha kufungisha ndoa. Si hivyo. Muda ni sharti moja tu, na sharti la pili ndilo zito: namna jamii inayowazunguka inavyowatambua. Mnaweza kukaa miaka mitano kama wapangaji wawili na isiwe ndoa, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwajua kama wanandoa.

Sasa liweke neno la dalali ndani ya sharti hilo. Siku ya kwanza mnamwambia mwenye nyumba ni mke na mume. Mwenye nyumba anamwambia jirani, jirani anamwambia mwenye duka, na mjumbe anawaandika hivyo kwenye daftari lake la wakazi. Ndani ya mwezi mmoja wewe ni "mke wa yule kijana wa kiwandani". Unaitwa shemeji na marafiki zake, unaalikwa kwenye vikao vya harusi na misiba kwa jina la mume wako, na hukanushi, kwa sababu ukikanusha mwenye nyumba atajua mlimdanganya. Miaka miwili ikipita, yule anayetaka kudai kwamba mlikuwa wanandoa anao mashahidi mtaa mzima, na wewe ndiye utakayebeba mzigo wa kuleta ushahidi wa kuikanusha dhana hiyo. Utamleta nani? Watu wote wanaoifahamu nyumba yenu wanafahamu ule uongo mlioupanda wenyewe.

Usidhani ni wewe tu unayeweza kuumia, wala ni yeye tu. Nimeona mabishano ya aina hii yakiletwa na mwanamume anayetaka sehemu ya kiwanja ambacho mwanamke alikinunua kwa mshahara wake, na nimeyaona yakiletwa na mwanamke anayedai matunzo. Sheria yenyewe, katika kifungu kilekile, inamruhusu mwanamke kuomba matunzo yake na ya watoto hata pale dhana ya ndoa inapokanushwa, akithibitisha kwamba kweli waliishi kama mume na mke kwa miaka miwili. Lengo lake ni jema kabisa. Liliwekwa kuwalinda wanawake waliopika, wakafua, wakalima na wakazaa, halafu wakafukuzwa kwa kuambiwa "wewe si mke wangu". Ni kinga ya watu wa sogea tukae. Lakini kinga hiyo haina macho ya kuona ndani ya mioyo yenu. Inaangalia nje, kwenye kile mlichokitangaza.

Kwa hiyo jambo la kwanza, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote: semeni ukweli tangu mlangoni. Mwambieni mwenye nyumba kwamba ninyi ni marafiki wawili, kila mtu na chumba chake, kila mtu na maisha yake. Akikataa, hiyo ni haki yake, nyumba ni yake. Na msikimbilie ule uongo mwingine, wa kaka na dada. Huo hauna hatari ya kifungu cha 160, lakini siku ndugu zenu wa kweli watakapokuja kuwatembelea utavunjika, na mtu aliyegundua uongo mmoja huanza kuutafuta wa pili.

Najua utasema mtaa hautaamini. Hapo nataka nikukumbushe jambo ambalo tunalisahau kwa sababu tumelizoea mno. Ingia Mabatini, Igogo, Mkuyuni au Kirumba, uingie nyumba yoyote ya zamani ya kupanga: korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, uani choo kimoja, bafu moja na bomba moja. Chumba cha kwanza yupo mwalimu wa kike, cha pili wapo vijana wawili wanaouza dagaa Mwaloni, cha tatu yupo mama mjane na wanawe, cha nne fundi cherehani. Wanaume na wanawake wasio na undugu wowote wanalala chini ya bati moja, wanapishana na taulo kuelekea bafuni, wanagawana Luku ya mita moja. Hakuna anayesema hao wameoana. Hakuna mzazi wa Sengerema anayemkataza binti yake kupanga chumba katika nyumba ya namna hiyo. Maisha unayoyaogopa, mwanangu, mji wetu umeyaishi muda mrefu.

Kinachoilinda nyumba ile si uchaji Mungu wa wapangaji wake. Ni kwamba kila mlango una kufuli lake, kila mpangaji ana makubaliano yake na mwenye nyumba, kila mtu ana jiko lake na sufuria yake, na kila anayeingia na kutoka anaonekana. Nyumba yenu ya Buhongwa imeviondoa vyote hivyo kwa mara moja. Mlango wa mbele ni mmoja, jiko ni moja, sebule ina kochi moja, geti likifungwa hakuna anayeona. Ndiyo maana jirani anayewaona mkitoka asubuhi pamoja anahesabu familia. Kazi yenu basi ni kuzirudisha zile kanuni za nyumba ya korido ndani ya nyumba ya kisasa. Mkiweza hilo, nusu ya maswali yako yameisha.

Anza na mkataba. Usikubali mkataba wenye majina mawili kwenye mstari mmoja, "Bwana na Bibi" au hata majina matupu bila maelezo. Mkisaini mkataba mmoja wa nyumba nzima kwa pamoja, mara nyingi mwenye nyumba atakuwa na uwezo wa kumdai yeyote kati yenu kodi yote: mwenzako akihamishiwa kazi Musoma mwezi wa tatu, deni la nusu ya pili linakugeukia wewe. Omba mikataba miwili. Wa kwako useme chumba fulani pamoja na matumizi ya pamoja ya sebule, jiko na choo, kodi shilingi 120,000 kwa mwezi, na wa kwake useme vivyo hivyo. Wenye nyumba wetu wamezoea kupangisha chumba kimoja kimoja, hawatashangaa. Akikataa mikataba miwili, basi ule mmoja uandikwe wazi kwamba wapangaji ni watu wawili wasio wanandoa, kila mmoja anawajibika kwa nusu yake, na chumba kipi ni cha nani. Karatasi hiyo, yenye tarehe na sahihi ya mwenye nyumba, ndiyo itakayozungumza kwa niaba yako siku ukiulizwa mlikuwa mnaishi kama nani.

Mkishasaini, nendeni ofisi ya serikali ya mtaa mjiandikishe, kila mtu kwa jina lake na kwa kitambulisho chake. Ni hatua ya nusu saa ambayo watu wengi wanaipuuza. Daftari lile ni ushahidi, na mjumbe akishajua ukweli kutoka kwenu hahitaji kuutunga.

Kwenye fedha sitakaa sana, maana nyote mna mshahara na mna akili. Kodi ya miezi sita ni 1,440,000, nusu yako 720,000, na dalali kwa desturi atataka ya mwezi mmoja, hivyo ongeza 120,000 upande wako. Kila mtu alipe nusu yake mwenyewe kwa mwenye nyumba na achukue stakabadhi yake, msipitishe zote kwenye simu ya mmoja. Luku nunueni kwa zamu au kwa nusu, na mjue kwamba tangu mwaka 2021 kodi ya jengo inakatwa humo humo kwenye umeme; hiyo ni ya mwenye nyumba, kwa hiyo kubalianeni naye mapema atairudishaje au ataipunguza kwenye kodi. Maji yakikatika na mkalazimika kununua ya madumu, aliyenunua aandike.

Vitu vya ndani ndivyo vinavyonipa wasiwasi zaidi ya kodi. Vijana mkianza maisha mnapenda kununua kwa kuchangia: wewe friji, yeye luninga, kochi nusu kwa nusu. Msinunue kitu chochote nusu kwa nusu, isipokuwa kile mlicho tayari kumwachia mwenzako bila kinyongo. Kila chombo kiwe na mwenyewe mmoja, na risiti yenye jina lake ihifadhiwe. Nakwambia hivi nikiwa na sababu mbili. Moja ni ile ya kifungu cha 160, kwa sababu mali zilizonunuliwa pamoja ni kati ya vitu ambavyo mahakama huviangalia. Ya pili ni kifo. Mmoja wenu akifariki, Mungu apishe mbali, ndugu watatoka kijijini na gari la kubeba vitu, na kwa uchungu walio nao hawatakuuliza friji ni la nani. Watabeba. Mwenye risiti ndiye atakayebaki na chake bila kugombana msibani.

Sasa jiko. Hapa nataka unisikilize kama binti yangu, maana hapa ndipo urafiki wa mwanamume na mwanamke katika nyumba moja huharibika bila mtu kumgusa mwenzake. Ofisi ya Taifa ya Takwimu inapohesabu kaya huangalia watu wanaoishi pamoja na kula pamoja. Wazee wetu nao walihesabu hivyo hivyo, kwa chungu. Sasa wewe utatoka hospitalini saa kumi jioni, umechoka, utapika ugali na sato wako. Yeye atatoka shifti ya mchana saa nne usiku na hajala. Utamwachia sahani, kwa sababu umelelewa vizuri. Kesho utamwachia tena. Wiki ya tatu utakuta unapika cha watu wawili kila siku, unafua mashuka yake kwa kuwa ulikuwa unaloweka ya kwako hata hivyo, unadeki sebule peke yako kwa sababu yeye "haoni" uchafu. Hakuna aliyekulazimisha, na yeye si mtu mbaya. Mmeteleza tu kwenye njia iliyochimbwa kabla hamjazaliwa.

Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri maarufu la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke zinahesabika kuwa mchango katika kupatikana kwa mali ya familia. Ulikuwa uamuzi wa haki, na ulifungua njia kwa wanawake wengi. Ninachotaka ukione ndani yake ni hiki: kupika, kufua na kutunza nyumba ya mtu ni kazi yenye thamani, na katika nchi yetu ndiyo kazi inayotambulika kuwa ya mke. Ukiifanya kwa mwanamume ambaye si mumeo, miezi ishirini na nne mfululizo, usishangae mtaa ukikuhesabu mke, na usishangae yeye mwenyewe akianza kukasirika siku hukupika. Kila mtu awe na sufuria zake na rafu yake. Kama mnapenda kula pamoja, kuleni pamoja kwa zamu ya kweli: siku yake anapika yeye, kwa mikono yake, si kwa kukutumia hela ununue ukapike. Usafi wa sebule na choo uwe na ratiba ukutani. Ikiwa wiki mbili za kwanza hawezi kufuata ratiba hiyo, hatafuata baadaye.

Kabla hujalipa dalali hata shilingi, mpigie simu mchumba wako. Hili usiliahirishe mpaka mtakapozoea nyumba. Jiulize, kwa nini hujamwambia? Kama ni kwa sababu unajua atakataa, basi unajua tayari kwamba unajenga kitu ambacho ukweli utakibomoa. Yeye akitaka kukuona anapanda meli Bukoba jioni, na asubuhi yuko bandari ya Mwanza Kaskazini anachukua bodaboda. Akigonga mlango huo na akafunguliwa na mwanamume aliyevaa kaptula, kwa maelezo ambayo hajawahi kuyasikia kutoka kwako, hakuna mkataba wala ratiba ya usafi itakayokuokoa. Mwambie sasa, mwambie yote, pamoja na hesabu ya kodi inayokusukuma. Mkutanishe na huyo rafiki yako, wakae wanywe soda waongee. Mwanamume anayetaka kukuoa ana haki ya kusema jambo hili linamkosesha raha, na wewe una haki ya kusikia sababu zake na kuamua. Pengine atasema ataongezea kodi ili upange peke yako; hilo nalo litafakari kwa makini, maana anayelipa kodi huja na masharti yake. Akikubali kwa moyo, umepata shahidi wako wa kwanza. Akikataa katakata, na wewe ukaona uchumba huu una uzito kwako kuliko nyumba ya Buhongwa, iache nyumba. Buhongwa zipo nyingine.

Na mwombeni rafiki yako naye aseme upande wake. Je, ana mtu? Huyo mtu anajua? Barua yako imejaa habari zako na haina hata mstari mmoja wa habari zake, nami naona ni pengo. Wageni wa mapenzi nao wawekewe kanuni mapema: wanalala au hawalali, siku ngapi, na taarifa inatolewa lini. Nyumba nyingi za namna hii huvunjika mara tu mmoja anapoanza kumleta mpenzi anayekaa wiki nzima, anayetumia maji na umeme bila kuchangia, na anayemtazama mpangaji wa pili kama mshindani.

Niseme pia juu ya imani, ingawa hukuniuliza. Kama wewe ni Muislamu, unajua katazo la khalwa, mwanamke na mwanamume wasio maharimu kujitenga peke yao; zungumza na sheikh unayemwamini, na mweleze nyumba ilivyo bila kuficha kwamba choo na mlango wa mbele ni kimoja. Kama ni Mkatoliki, jumuiya itafika kusali kwako siku moja, na padri atakayeulizwa kama unaishi kinyumba ni vizuri awe amesikia kutoka kwako mwenyewe kwanza. Hapa mimi ni wakili, si mchungaji, hivyo naishia hapo.

Lile neno la mama kuhusu petroli na kiberiti silidharau. Watu wawili wa umri wenu, nyumba moja, usiku mrefu wa masika umeme umekatika: hisia zinaweza kuzaliwa mahali ambapo hazikuwepo. Sioni aibu ndani yake, na sidhani ni lazima litokee; ninyi mmefahamiana tangu chuo na mmevuka majaribu hayo. Ila kubalianeni jambo moja mapema, mkiwa bado na akili tulivu: yeyote atakayeona moyo wake umebadilika atasema, na mmoja wenu atahama kabla ya kitu kingine chochote. Mapenzi yakianza kimya kimya ndani ya nyumba hiyo, mtaamka mkiwa mmeingia sogea tukae bila posa, bila mahari, bila mtu aliyekaa na wazazi wenu, huku mchumba akiwa bado anahesabu siku Bukoba.

Na liwe wazi kwenu wote wawili: kukaa nyumba moja si ridhaa ya mwili. Akikushika bila wewe kukubali, au akiingia chumbani kwako usiku bila ruhusa, hilo ni kosa la jinai sawasawa na angekuwa mtu wa barabarani, na kuchangia kodi hakumpi kinga yoyote. Fika kituo cha polisi, ulizia Dawati la Jinsia na Watoto, uchukue PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, uende hospitali siku hiyohiyo. Simtuhumu rafiki yako. Namwambia hivi kila mwanamke anayeniletea swali kama lako, na nawaambia pia wanaume waweke kufuli kwenye vyumba vyao, kwa sababu tuhuma nazo huzaliwa mahali ambapo milango haifungwi. Kila chumba kiwe na kitasa chake na funguo zake, na ufunguo wa ziada akae nao mwenye nyumba au ndugu yako, si mwenzako.

Wala usiumie sana na maneno ya majirani. Kuwachanganya marafiki na wapenzi si ugonjwa wa Mwanza peke yake. Fomu ya sensa ya Marekani ya mwaka 1980 ilikuwa na jibu moja tu kwa mpenzi na mpangaji mwenza, wote chungu kimoja. Ilibidi wangoje mpaka sensa ya 1990 ndipo yakawa majibu mawili tofauti. Kama wataalamu wa takwimu walihitaji miaka kumi kuwatenganisha, mama wa genge la nyanya pale njiapanda mpe angalau miezi kadhaa. Msaidie kwa kuwa na mazoea ya wazi: wageni wako waje mchana, ndugu zako waonekane, mwenzako umwite kwa jina lake, na mtu akikuita "mama nanihii" kwa jina la huyo kijana, msahihishe palepale kwa upole. Usicheke ukapita. Kicheko kile ndicho kinachokuja kuitwa kukubali.

Ukiniuliza mimi ningechagua nini, ningetafuta mtu wa tatu. Nyumba ya vyumba vitatu maeneo ya Buhongwa au Mkolani, wewe, huyo rafiki yako na mwanamke mwingine mfanyakazi, inapunguza kodi ya kila mmoja na inaondoa sura ya mume na mke bila ninyi kueleza chochote. Ikishindikana, basi muwe wawili, kwa mkataba wa miezi sita, na kabla ya kuurefusha mkae mezani muulizane kama bado mnapatana. Miezi sita mara mbili inatosha kukusanya akiba ya kupanga chumba na sebule chako mwenyewe, kama hilo ndilo unalolitaka.

Kwa mama, usimpelekee habari zilizokwisha kuamuliwa. Siku hizi daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa, Sengerema si mbali tena kwa kungoja kivuko. Mwambie aje kabla hamjalipa, mpeleke Buhongwa, mwonyeshe vyumba viwili na vitasa viwili, mkalishe na huyo kijana, mpe namba ya mwenye nyumba aihifadhi kwenye simu yake. Mkeka wake uwe chumbani kwako na ajue anaweza kufika siku yoyote bila kupiga hodi ya simu. Huenda bado atasema hapana. Mpe nafasi ya kusema hapana akiwa ameiona nyumba, kisha muulize ni kitu gani hasa anachokiogopa, maana mara nyingi mzazi anaogopa watu wa posa watasikia nini, na hilo lina jibu kama mchumba mwenyewe ameshajua.

Dalali mjibu leo. Mwambie mtamwona mwenye nyumba wenyewe, mkiwa wawili, na kwamba fedha yake ataipata mikataba miwili itakapokuwa imesainiwa.